Linux studioni: sauti imeshafaulu, leseni ndiyo inayokwamisha

Mwimbaji akivaa hedifoni, akafungua kinywa, na sauti yake ikamfikia masikioni ikiwa imechelewa, haimbi tena. Anaanza kushindana na mwangwi wake mwenyewe. Anavuta silabi, anasubiri, anakosa mdundo, kisha anavua hedifoni na kukutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeimba vibaya. Mjadala wowote wa kompyuta na muziki uanzie hapo. Uzuri wa programu, wingi wa plagini (vyombo vya ziada vinavyochomekwa ndani ya programu) na rangi za skrini havisaidii kitu ikiwa kompyuta haiwezi kuipokea sauti, kuichakata na kuirudisha kabla sikio halijashtuka.

Hesabu yake si ngumu. Kompyuta haipitishi sauti mfululizo kama maji ya bomba. Inaichota kwa ndoo, na ndoo hiyo ndiyo bafa. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na ukaweka bafa ya sampuli 128, kila ndoo inabeba sauti ya milisekunde 2.7 hivi, na kompyuta inatakiwa kuchota, kuchakata na kumwaga ndoo 375 kila sekunde. Ikikosa moja tu, unasikia mkwaruzo. Watumiaji wa Linux, mfumo endeshi huria, huliita tukio hilo xrun, na wengi wao huhesabu xrun kama mgonjwa anavyohesabu homa. Ukipandisha bafa hadi sampuli 1,024 kompyuta inapumua, lakini sasa ndoo moja ina milisekunde 21, na safari ya kwenda na kurudi inakuwa ndefu zaidi ya hapo. Kwa kipimo cha sikio: hewani, sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo mpiga gitaa aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika yake anajisikia kwa kuchelewa milisekunde 9 hivi, wala halalamiki. Milisekunde 10 zinavumilika. Zikifika 40, ndipo hedifoni inapovuliwa.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba mshindi wa mbio hizi huamuliwa na kasi ya kompyuta. Mashine yenye kasi ya kutisha inaweza kukwaruza, na ya miaka 10 iliyopita ikapita salama. Kinachotakiwa ni nidhamu ya zamu: kazi ya sauti ikifika mlangoni ipishwe, hata kama kivinjari kina tabo 50 na diski inaandika faili kubwa. Anayegawa zamu ni mfumo endeshi. Kwa hiyo kuuliza kama Linux inafaa kwa muziki ni kuuliza mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: je, inajua kugawa zamu? Na je, vile unavyohitaji kutengenezea muziki vinakubali kuishi ndani yake? La kwanza lina jibu zuri. La pili ndilo linalowarudisha watu walikotoka, na sababu zake haziko kwenye sauti hata kidogo.

Linux ilianza mwaka 1991 na ikakomaa zaidi ikihudumia seva. Seva haina mwimbaji wa kumkera. Ukurasa wa tovuti ukichelewa milisekunde 40 hakuna anayejua. Nidhamu ya sauti ilibidi ijengwe juu ya mfumo uliokwisha kuzoea maisha mengine. Kwanza ikaja ALSA, tabaka la chini linaloongea na kadi ya sauti, lililochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OSS katika kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6. Juu yake wakakaa mafahali wawili. Mmoja ni JACK, ulioanzishwa na Paul Davis mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huu uliruhusu kitu ambacho mifumo mingine ilikiona kama anasa: kuchukua sauti inayotoka kwenye programu yoyote na kuichomeka kwenye programu nyingine yoyote, kama waya kati ya vyombo, kwa ucheleweshaji mdogo sana. Wa pili ni PulseAudio, uliokuja kwa ajili ya mtu wa kawaida anayetaka video na muziki visikike kwa pamoja. Wote wawili waliitaka kadi ileile, na wote wawili hawakutaka kuigawana. Ukiwasha JACK, kivinjari kinanyamaza. Ukitaka kusikiliza wimbo wa mfano katikati ya kazi, unazima studio nzima, unasikiliza, unaiwasha tena na kuunganisha upya waya zote.

Nalisema hili kwa sababu hukumu nyingi zinazotolewa leo dhidi ya Linux ni kumbukumbu za kipindi hicho. Mtu alijaribu mwaka 2012, akakesha, akaapa. Hakukosea. Ila alichokiapia hakipo tena.

Kilichobadilisha hali ni PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans wa Red Hat. Ujanja wake ni wa kidiplomasia zaidi ya kiufundi: haikuziomba programu za JACK wala za PulseAudio zibadilike. Inaongea lugha zote mbili, kwa hiyo kila programu inadhani bado iko kwa mwenyeji wake wa zamani. Fedora 34, mojawapo ya distro, yaani matoleo ya Linux yaliyokwisha kufungashwa, iliiweka kuwa mfumo wa sauti wa kawaida mwaka 2021, Ubuntu ikafuata na toleo la 22.10, na toleo lake la 1.0 likatoka Novemba 2023. Leo kivinjari, programu ya studio na simu ya video vinasikika kupitia kadi moja kwa wakati mmoja, na zile waya za JACK bado zipo kwa anayezitaka. Ina udhaifu wake. Mara nyingi huanza na bafa kubwa, na mgeni asiyejua kuipunguza anaondoka akisema Linux inachelewesha sauti. Mimi nikirekodi jambo zito huiambia programu ya studio iongee na ALSA moja kwa moja, bila mtu wa kati. Kivinjari kinanyamaza, ndiyo, lakini wakati wa kurekodi kinyamaze tu.

Kisha likaja lile lililosubiriwa kwa takriban miaka 20: PREEMPT_RT, seti ya mabadiliko inayoifanya kerneli iweze kukatizwa karibu mahali popote ili kazi ya haraka ipite. Kwa muda wote huo ilikuwa kiraka cha nje ambacho mtu alijibandikia mwenyewe. Mwaka 2024 iliingia rasmi katika kerneli, toleo la 6.12. Wapenzi wa Linux walishangilia, na walikuwa na haki, lakini tusizidishe chumvi. Studio nyingi za nyumbani hazihitaji kerneli ya aina hiyo. Kerneli ya kawaida iliyopangwa vizuri inashika bafa ya 128 bila jasho. Anayeanza safari kwa kutafuta kerneli maalumu mara nyingi anatibu ugonjwa asio nao.

Ugonjwa halisi huwa mdogo na wa aibu. Kuna wakati nilipoteza siku 2 nzima nikitafuta mkwaruzo uliokuwa ukija kila baada ya sekunde kadhaa, kwa utaratibu kama saa ya ukutani. Nilibadilisha waya, nikabadilisha mlango wa USB, nikasoma kurasa nisizozielewa. Chanzo kilikuwa Wi-Fi, iliyokuwa ikitafuta mitandao ya jirani kila mara. Niliizima, kukatulia. Mhalifu mwingine wa kudumu ni uchumi wa umeme: kichakato (CPU) kinachojipunguza kasi kila kinapoona kazi imepungua, halafu kinachelewa kuamka. Na wa tatu ni ruhusa, kwa maana mtumiaji hajawekwa kwenye kundi linaloruhusiwa kudai zamu ya kwanza. Distro zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki, kama Ubuntu Studio iliyoanza mwaka 2007 au AV Linux, huja na mengi ya hayo yakiwa yamepangwa, na kwa mtu asiye na hamu ya kujifunza matumbo ya kompyuta ningesema aanzie huko. Hakuna tuzo kwa aliyeteseka zaidi.

Kuhusu kadi ya sauti yenyewe, habari ni njema kuliko watu wanavyotarajia, na shukrani nyingi zinamwendea mtu asiyehusika: iPad. Apple haikuruhusu kila kampuni kupachika draiva yake (programu ya kuendeshea kadi) humo, kwa hiyo watengenezaji waliotaka kuuza kadi kwa wenye iPad walilazimika kufuata kanuni ya pamoja ya sauti ya USB. Linux inaijua kanuni hiyo tangu zamani. Unachomeka, inasikika, huna cha kupakua. Vinanda vya MIDI vya USB navyo ni hivyohivyo. Shida inabaki kwenye kadi zenye miksa ndani yake zinazoendeshwa na programu ya Windows na Mac pekee. Sauti inaingia na kutoka, lakini vitufe vya ndani huvioni. Kwa familia ya Scarlett ya Focusrite pengo hilo lilizibwa na mtu mmoja, Geoffrey Bennett, aliyeandika draiva ya miksa na dirisha la kuiendeshea. Kwa kadi zinazobeba vichakato vya kuendeshea plagini zao wenyewe, usijidanganye. Hizo zilinunuliwa pamoja na mfumo wake. Na kusasisha programu ya ndani ya kadi mara nyingi bado kunataka uazime Windows kwa nusu saa.

Mtu akiendelea kubisha kwamba Linux haiwezi sauti nzito, mwelekeze jukwaani. Korg OASYS ya mwaka 2005 na Kronos iliyoifuata mwaka 2011, vinanda vya bei ya kutisha vilivyobebwa na wapigaji wakubwa, ndani vinaendeshwa na Linux. Mashine za karibuni za MPC za Akai zinazojitegemea bila kompyuta, zile ambazo maprodyuza wa hip hop huziweka mezani kama alama ya heshima, nazo ni Linux ndani. Mtu anapiga pedi, sauti inatoka palepale, wala hajui wala hajali nini kinaendesha.

Kwa nini basi kitu kinachoaminika ndani ya kinanda cha jukwaani kinasuasua kikifika kwenye meza ya prodyuza? Kwa sababu kinanda kinakuja na sauti zake. Kronos haikukuomba ulete plagini za kampuni nyingine 15, kila moja na mlinzi wake mlangoni.

Hapa ndipo penye mzigo wote. Studio ya leo si programu moja. Ni programu moja inayowakaribisha wageni wengi. Kampuni ya Steinberg ilianzisha VST, kiwango cha plagini, mwaka 1996, na kuanzia hapo kompresa, mwangwi, piano, ngoma na okestra nzima vikawa vitu vya kuchomeka. Prodyuza akikuambia anatumia programu fulani, mara nyingi anamaanisha anatumia plagini 40 alizonunua kwa miaka, na ile programu ni sebule tu ya kuzikalisha. Kumshauri abadilishe mfumo ni kumshauri ahame na kuacha vyombo nyuma. Halafu tunamshangaa akisita.

Upande wa Linux haukukaa kimya. LADSPA ilikuja mwaka 2000, ikafuatiwa na LV2, zote viwango huria vya plagini, na zikazaa maktaba kubwa ambayo wasioijua huidharau bila kuisikia. Surge XT na Vital ni sintesaiza ambazo ningeziweka kwenye wimbo wowote bila kuomba radhi. Plagini za LSP zina kompresa na visawazishi vinavyofanya kazi kwa usahihi wa fundi saa, ingawa madirisha yake yamejaa vitufe kama chumba cha rubani. Neural Amp Modeler, ambayo inajifunza tabia ya amplifaya halisi kutokana na rekodi zake, ni programu huria na inapatikana Linux kupitia LV2. Wapiga gitaa wamepata bahati. Wapo pia wauzaji wanaotengeneza toleo la Linux: Pianoteq ya Modartt, inayounda sauti ya piano kwa hesabu badala ya kuirekodi, na sintesaiza za u-he. Kwa kurekebisha nota ya mwimbaji papo hapo ipo Graillon ya Auburn Sounds, na ipo x42.

Sasa upande wa pili wa daftari. Kontakt, ambayo maktaba nyingi za ala zinaitegemea, haina toleo la Linux. Serum haina. Omnisphere haina. FabFilter haina. Melodyne, ambayo imekuwa kama kalamu ya kusahihishia waimbaji nota kwa nota, haina. Sioni sababu ya kiufundi ya kukosekana huko. Kompresa ni hesabu, na hesabu haijui mfumo endeshi. Sababu ni mbili tu: soko dogo, na ulinzi wa leseni. Ile ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa iLok, mlinzi anayetumiwa na kampuni nyingi za plagini, hana toleo la Linux. Hata kampuni ikitaka kuja, mlinzi wake hajaajiriwa huku.

Mafundi wametengeneza mlango wa nyuma. Yabridge, ya Robbert van der Helm, huchukua plagini ya Windows, huiendesha ndani ya Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi Linux, na kuionyesha kwenye programu ya studio ya Linux kana kwamba ni mwenyeji. Ni kazi ya ajabu, na kwa plagini nyingi zisizo na mlinzi mkali huwezi kutambua tofauti. Lakini sikiliza kisa hiki kabla hujajenga riziki juu yake. Wine 9.22 ilipotoka mwishoni mwa 2024, mabadiliko ya jinsi inavyochora madirisha yalifanya plagini nyingi zilizo ndani ya yabridge zishindwe kujua kipanya kiko wapi. Unabofya kitufe kimoja, kinajibu kingine au hakuna kinachojibu. Dawa iliyosambaa ilikuwa kubaki kwenye Wine 9.21. Hakuna aliyekosea, kila upande uliendelea na kazi yake. Ila wewe ulikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi. Kwa plagini moja au mbili unazozipenda, yabridge itumie. Kwa plagini 40, unakuwa umehamia Linux ili uishi Windows, na huko ni kujitesa kwa makusudi.

Lakini wenye leseni nao wasitambe. Niliwahi kununua maktaba ya piano kwa muuzaji ambaye simtaji, na kwa miaka kadhaa ilikaa vizuri kwenye Windows. Siku nilipobadilisha diski, seva ya kuthibitisha leseni haikujibu. Barua pepe hazikujibiwa pia. Faili zote ninazo mpaka leo, zimejaa diski, na hazitoi hata nota moja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mimi sikuwa hata nimejua kwamba nimeazima.

Kwenye plagini upepo unabadilika polepole. Mwaka 2022 Bitwig na u-he walitoa CLAP, kiwango cha plagini kisichodai ruhusa ya mtu. Mwaka 2025 Steinberg yenyewe iliiweka VST3 chini ya leseni huria ya MIT, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingechekesha. Milango ya kiufundi inafunguliwa. Walinzi bado wamesimama.

Kuhusu programu za studio zenyewe sitakaa sana, kwa kuwa hapa tatizo limebaki dogo. Ardour, mtoto mwingine wa Paul Davis, inarekodi na kumiksi kwa kiwango cha studio kamili, ingawa kwa mtu wa biti na luupu inaweza kumkausha hamu. Reaper ina toleo la Linux, ni nyepesi, na ndiyo ninayoitumia. Bitwig Studio, iliyokuwepo Linux tangu toleo lake la kwanza mwaka 2014, ndiyo ningempa anayetoka Ableton Live. Atajiona yuko nyumba ya ndugu. PreSonus nayo ilileta Studio One Linux mwaka 2023 kwa toleo la 6.5. Zisizokuwepo ni Ableton Live, FL Studio, Cubase, Pro Tools na Logic. Ya mwisho ina somo lake: Logic iliwahi kuwepo Windows, mpaka Apple ilipoinunua Emagic mwaka 2002 na kulikata toleo hilo. Watu walioamka asubuhi hiyo na kompyuta za Windows hawakuwa wamefanya kosa lolote. Programu yao ilihamishwa, wao wakaachwa.

Tatizo kubwa kuliko programu ni wenzako. Muziki wa sasa unatembea kama faili ya mradi: mmoja anaanza biti, mwingine anaongeza kinanda, wa tatu anamiksi. Ikiwa kundi lako lote liko FL Studio, mradi wao hufungui, hata uwe na kerneli ya malaika. Mnaweza kubadilishana traki moja moja kwa faili za sauti za WAV, na mafundi wengi wa kumiksi wanapendelea hivyo hata ndani ya mfumo mmoja, lakini uhuru wa kurudi nyuma na kubadilisha nota moja ya besi unapotea. DAWproject, muundo wa faili uliotolewa na Bitwig na PreSonus mwaka 2023 ili miradi ihame kutoka programu moja hadi nyingine, unasaidia kwa zile zinazoukubali. Bado hazitoshi. Kwa prodyuza kijana anayeishi ndani ya kundi la namna hiyo, jibu langu ni hapana, na nalitoa bila kigugumizi. Wapo watakaosema naisaliti programu huria. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ila kumpoteza kijana katika mwaka wake wa kwanza wa kutengeneza muziki, kwa ajili ya itikadi isiyo yake, hakuijengi Linux wala muziki.

Kwa wengine picha ni tofauti kabisa. Anayerekodi vitu halisi, yaani kwaya, ngoma, gitaa, mahojiano, podikasti, anahitaji maikrofoni, kadi, programu ya kurekodi, kompresa, kisawazishi na mwangwi. Vyote hivyo vipo, asilia, bila daraja lolote. Anayetengeneza sauti zake kuanzia kwenye wimbi tupu hatakosa kitu, na huenda akapata zaidi, kwa kuwa Pure Data, SuperCollider na Csound zimekuwa nyumbani huku kwa miaka mingi. Mtunzi wa filamu anayeishi kwa maktaba za okestra za Kontakt abaki alipo. Fundi wa kumiksi yuko katikati: kama anaweza kuachana na kisawazishi alichokizoea na kujifunza kingine, atafika; lakini kama wateja wake wanalipia jina la plagini iliyotumika, na wapo wa aina hiyo, asihangaike.

Ndiyo maana nasema swali la kawaida, “Linux ina nini badala ya programu fulani?”, linapotosha. Mtu anayeuliza hivyo anatafuta pacha, na pacha hayupo, kwa hiyo atarudi akiwa na hasira. Afadhali aandike orodha ya anachofanya kwa mikono yake katika wiki ya kazi: anarekodi nini, anatumia sauti zipi, anampelekea nani faili gani. Baadhi ya watu hugundua kwamba kati ya plagini 60 walizonazo wanatumia 7. Wengine hugundua kwamba moja tu ya hizo 7 ndiyo inayowalisha, na iko chini ya iLok.

Kuna jambo moja zaidi limeongezeka, nalo limeingia kwa nguvu isiyohusu muziki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakato vya miaka ya karibuni, na hivyo kompyuta nyingi nzima, zenye uwezo wa kumiksi traki 60 bila kulalamika, zimeambiwa kwamba zimezeeka. Kwa kurekodi, mashine hizo hazina kasoro. Kwa mara ya kwanza swali linageuka: badala ya kuuliza kama Linux inatosha kuiacha Windows, mtu anauliza kama inatosha kuliko kununua kompyuta nyingine. Na kwa kurekodi, inatosha.

Anayetaka kujaribu asifute kitu. Aiwashe kutoka kwenye USB, achomeke kadi yake, aweke bafa 128, avae hedifoni na kuimba. Ndani ya nusu saa atajua kama kadi yake inakubalika. Ya plagini atayajua baadaye, na yatamchukua muda zaidi. Akishahamia, achague distro inayosasishwa taratibu, na asisasishe chochote katikati ya albamu.

Kompyuta yangu iliyokataliwa na Windows 11 ndiyo inayorekodi sasa, kwa Reaper, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Iko nyingine pembeni, imefungiwa intaneti isije ikajisasisha, yenye leseni zote nilizobakiwa nazo. Huiwasha mara chache, mwimbaji akiwa ametoka nje ya nota kwenye mstari mzuri ambao hawezi kuurudia. Nanyoosha zile silabi mbili, natoa WAV, naizima.